Muulize Fundi: C63 ya milioni tatu na kitu, ya kwenda nayo kazini kila siku

Mwezi huu maswali yamekuja mengi ya magari makubwa makubwa, sijui bonasi zimetoka ama nini, kwa hivyo wale wa Vitz na Probox mtanivumilia kidogo, nitawarudia.

SWALI: Fundi salamu sana. Mimi naishi Njoro, kazi yangu iko Nakuru tao. Nimekaa na Mark X ya 2500 miaka mingi sasa nimeichoka. Juzi broka amenipigia ati kuna Mercedes C63 AMG ya 2010, ya kijivu, iko yadi moja hapa hapa tao, wanaitisha 3.2 milioni lakini anasema wanashuka. Dashibodi inasoma kilomita 94,000. Nilienda kuiona nikaikuta imewashwa tayari, inanguruma hapo nje mpaka nywele zikanisimama. Mke wangu anasema nimeshikwa na wazimu. Mimi sitaki gari ya kuweka na kupiga picha, nataka ya kila siku, watoto shule, kazini, Jumapili kanisani. Niuze Mark X niongezee hiyo pesa nichukue? Msomaji, Njoro.

JIBU: Ndugu yangu, salamu zimefika, na mama watoto msalimie, mwambie huo wazimu si wako peke yako, kuna watu wazima na heshima zao wameshikwa na hiyo sauti. Lakini mimi barua yako nimeisoma nikakwama pale umesema uliikuta imewashwa tayari. Hapo ndipo swali lako lote liko, hayo mengine ni hesabu tu.

Nieleze. Injini ya hiyo gari inaitwa M156, AMG, kile kitengo cha Mercedes cha magari yenye nguvu, waliiunda wenyewe kuanzia sufuri, beji nyuma inasema 63 lakini ukipima ni cc 6,208, V8 isiyo na turbo, farasi 457, na kila injini inafungwa na fundi mmoja kule Affalterbach, Ujerumani, akimaliza anabandika kibati chenye sahihi yake juu. Tamu sana hiyo injini, sitakudanganya. Ila ina magonjwa mawili ambayo kila fundi wa Mercedes anayajua. La kwanza ni bolti za hedi, kile kifuniko kikubwa cha juu ya silinda, zile injini za miaka ya mwanzo mpaka kama 2010 hivi zilikuja na bolti ambazo zinashikwa na kutu zinakatika, ikikatika maji ya redieta yanaingia kwa silinda na hapo unaweza kujikuta si matengenezo tena, ni kununua injini. Baadaye Mercedes walibadilisha bolti. Sasa yako ni ya 2010, iko pale pale mpakani, kwa hivyo namba ya injini lazima iangaliwe, ama karatasi ya gereji inayoonyesha bolti zilishabadilishwa, maneno ya broka hayahesabiwi. La pili ni tapeti na kamshafti kulika, vile vyuma vya juu ya injini vinavyofungua valvu. Hizo zikilika utaanza kusikia tik tik tik juu ya injini, na mahali pa kuzisikia vizuri ni asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, ndio inawashwa mara ya kwanza. Kakelele ka sekunde chache kisikushtue, oili bado inapanda. Ikiendelea dakika nzima na zaidi, funga boneti uende zako.

Ndio unaona kwa nini nimekwama? Ukikuta gari iko moto, oili imeshazunguka kila mahali, kila kitu kimenyamaza, unachosikia ni eksozi tu ikikuimbia na moyo wako ukiitikia. Inawezekana walikuwa wanaisogeza tu kwa yadi, sisemi wamekutegea. Nasema gari ya namna hiyo hujaiona bado.

Rudi. Wapigie jioni uwaambie kesho saa moja asubuhi uko hapo na hutaki iwashwe kabla hujafika. Ukifika weka mkono juu ya boneti, ikiwa na joto waage kwa heshima. Ikiwa baridi, kabla ya kuwasha fungua kifuniko cha oili uchungulie na tochi ya simu, ukiona ute mweupe mweupe chini ya kifuniko jua huenda maji na oili zinakutana mahali. Angalia tangi la maji kama limepungua. Halafu mwambie mwingine awashe, wewe usiwe ndani kwa usukani, simama mbele ya boneti na usikize, halafu tembea nyuma uangalie moshi. Wa bluu ni oili. Mweupe wa asubuhi ukiisha haraka ni mvuke wa kawaida, kwa baridi ya huku hata Mark X yako ingetoa, lakini ukiendelea kutoka gari ikishapata joto, hiyo ni stori ya hedi tena.

Baada ya hapo iende kwa kompyuta, na nikisema kompyuta namaanisha ile ya Mercedes yenyewe, Xentry, si kale kadude ka elfu mbili kanachomekwa chini ya dashibodi kanasema kila kitu kiko sawa. Na kuna mchezo mmoja ujue. Kabla mteja hajafika, mtu anaweza kufuta makosa yote kwa kompyuta ya gari, taa ya injini ikazima, dashibodi ikawa safi. Lakini gari ikishafutwa hivyo inaanza kujipima upya, na mpaka iendeshwe vya kutosha vipimo vyake vitaonyesha havijakamilika. Sasa mwambie anayeskani akuangalizie hicho. Ukikuta gari haina kosa hata moja lakini vipimo karibu vyote havijakamilika, uliza betri ilitolewa lini, na wakisema haijatolewa, mmh.

Hiyo 94,000 nayo isikulaze usingizi. Gari ikitoka Japan inakuja na cheti cha kusafirishia ambacho mara nyingi kimeandikwa kilomita za ukaguzi wa mwisho kule, mwambie mwenye gari akuonyeshe, hata picha ya simu, halafu ujumlishe miaka ambayo imekimbia barabara zetu. Na uangalie kiti cha dereva ule upande wa mlango, penye mtu anateleza akiingia, ngozi ikiwa imepasuka na kupauka na usukani umeng'aa kama kioo, hiyo gari imeona zaidi ya 94. Na kwa vile tuko hapo, broka akikwambia ati imeingia nchini juzi juzi tu, mcheke. Sheria yetu inasema gari likiingia liwe halijapita miaka minane tangu usajili wa kwanza, sasa hiyo ya 2010 hesabu mwenyewe, mwisho wake wa kuingia ulishapita kitambo, kwa hivyo imeishi hapa na ina historia ya hapa, gereji iliyoihudumia ipo, wenye waliiendesha wapo, uliza mpaka wachoke na wewe.

Haya, tuje kwa pesa, na hapa wengi wanaogopa kitu kisicho. Wanaogopa mafuta. Njoro mpaka tao kwenda na kurudi tuseme kilomita 40. Ukiiendesha kistaarabu itakupa kilomita 6 kwa lita, kwa foleni ya tao ishuke mpaka 5. Chukua 6, lita tuweke 180, siku inakula kama 1,200, siku 26 ni 31,200. Mark X yako tuseme inafanya 10, hiyo ni 18,720. Tofauti elfu kumi na mbili na nusu kwa mwezi. Inauma lakini haiui mtu anayenunua gari ya milioni tatu.

Kinachoua ni kwamba gari imeshuka bei lakini spea zake hazijui kama imeshuka. Mwaka 2008 hiyo C63 ilikuwa inauzwa Marekani zaidi ya dola 50,000 bila nyongeza, na spea zake mpaka leo zinaangalia hiyo bei, haziangalii milioni zako tatu na kitu. Breki za mbele ni diski za milimita 360 na kalipa za pistoni sita kila upande. Tairi za nyuma 255/35 za inchi 18, na ukiwa na mguu mzito zinaisha kabla hujamaliza kuringa nazo. Oili karibu lita 9 kila sevisi, na lazima iwe ile iliyoidhinishwa na Mercedes, si ya dramu. Watu watakwambia si ni C-Class tu, spea za C180 zimejaa Kirinyaga Road Nairobi, na ni kweli milango na taa za nyuma zinaingiliana, lakini boneti lake ni lake, bampa lake ni lake, breki, shafti, giaboksi, yote ni yake. Kwa hivyo kabla ya kuongea bei na yadi, chukua karatasi uende duka la spea uulize vitu vinne tu: diski za mbele na pedi zake, tairi nne, bushi zote za mbele, na seti ya tapeti na kamshafti pamoja na kazi ya kufunga. Jumlisha. Hiyo jumla ndio bei ya kweli ya gari, ukiongeza 3.2 juu.

Kitu kingine ni petroli. Hiyo injini imepangiwa oktani 98 na super ya pampu zetu za kawaida iko chini ya hapo. Haitakufa, ina sensa za kusikiza mlipuko zinaichelewesha kidogo ili isijiumize, ila unapoteza nguvu kidogo ya zile ulizolipia. Ukipata kituo chenye petroli ya daraja la juu, jaza hiyo.

Kuitesti, usizunguke tao. Chukua barabara ya Eldoret mpaka Salgaa, upande Sachangwan, kile kilima ndicho daktari. Angalia sindano ya joto ikipanda mlima na kiyoyozi kimewashwa, sikiza giaboksi ikibadilisha gia ikiwa moto, isigonge na isichelewe. Ukirudi pita barabara mbaya pole pole madirisha yakiwa chini, redio imezimwa. Kuna maaskari na malori kule kwa hivyo hiyo spidi ya 250 waachie Wajerumani, hutaihitaji kuijua gari.

Sasa unaniuliza nichukue ama nisichukue. Kama kuuza Mark X ndio kunakuwezesha kuinunua, usinunue. Si kwa sababu ni gari mbaya. Ni kwa sababu gari kama hiyo itakaa gereji wiki moja ama mbili ikingoja spea itoke nje, hata ikiwa nzima, hata ukiitunza, na siku hizo watoto watafika shule na nini? Lakini ukiweza kubaki na Mark X, na baada ya kulipa ubaki na kama robo ya bei ya gari imekaa kwa sako haijaguswa, na namba ya injini iwe nzuri, na asubuhi baridi iwake bila tik tik, basi ongea bei, anza na 2.6 usione haya, gari za namna hiyo hazina foleni ya wanunuzi hapa Nakuru na mwenye yadi anajua. Na mama watoto umpeleke siku ya kuitesti, akae kiti cha nyuma. Atakwambia ukweli kuhusu shoki kuliko mimi.

SWALI: Fundi habari. Mimi ni dada wa Kisumu, kazi yangu ni ya kuzunguka, leo Kakamega kesho Busia, nakaa kwa gari kuliko nyumbani. Nimeamua kuagiza moja kwa moja kutoka Japan, nimebaki na mbili akilini, BMW M340i na Mercedes C43. Nataka gari yenye nguvu ya kupita lori haraka kule Maseno lakini isinisumbue. Ipi? Msomaji, Milimani Kisumu.

JIBU: Dada, umechagua kwa akili, na pengine hata hukujua. Zote mbili ziko chini ya cc 3,000, BMW ni 2,998 na Mercedes, ile C43 ya V6, ni 2,996, na petroli ikipita 3,000 ushuru wa bidhaa unaruka kutoka asilimia 25 mpaka 35, kwa hivyo hizo cc mbili na nne zimekuokolea pesa nzuri. Zote zina turbo, zote zinavuta magurudumu yote manne, nguvu zinakaribiana, lori utapita.

Mimi ningechukua BMW. Injini yake ni ile B58, silinda sita kwa mstari mmoja, na katika injini za BMW za miaka hii ndio mafundi tunailalamikia kidogo kabisa, watu wamezoea BMW ya N54 na pampu zake za mafuta zikifa mfululizo wakadhani zote ni hivyo, si hivyo. C43 ni nzuri pia, V6, giaboksi ya gia tisa, na ndani pengine ni pazuri zaidi kwa macho. Lakini kama nitakuwa barabara ya Luanda na Yala kila wiki ningetaka B58.

Mambo ya kuangalia kule kabla hujatuma pesa. Miaka minane inahesabiwa tangu usajili wa kwanza, kwa mwaka 2026 ni 2019 kuja juu, M340i yenyewe ilitoka 2019 kwa hivyo hapo uko salama, ila usiende na gari ya mwishoni mwa muda halafu meli ichelewe ivuke mwaka. Omba karatasi ya mnada, si picha za muuzaji peke yake. Alama 4 ama 4.5 ni nzuri, ukiona R jua imewahi kugongwa ikatengenezwa, na wauzaji wengine wanakutumia karatasi iliyokatwa ile kona ya alama, ukiona hivyo usibishane nao, tafuta nyingine. Kilomita zilinganishe na cheti cha kusafirishia.

Giaboksi ya BMW ni ZF ya gia nane. Watakwambia oili yake ni ya maisha, haibadilishwi. ZF wenyewe waliotengeneza wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na kwa joto la Kisumu na foleni ya Kondele mimi ningefanya ikigonga 80, na fundi awe ni mtu anayejua kuangalia kiwango ikiwa na joto sahihi, si kumimina tu mpaka imwagike.

Halafu tairi, hapa nakuomba unisikize. Hizo gari mara nyingi zinakuja na tairi za ranifleti, zile zinakimbia hata zikitoboka, kwa hivyo hazina spea tairi kwa buti. Japani ni sawa, barabara ni lami safi. Kwako wewe, ubavu wa ile tairi ni mgumu, ukigonga shimo usiku baada ya Ugunja rimu inapokea yote, unaweza kupasua rimu na tairi pamoja na hapo unakaa ukingoja flatibedi ukiwa peke yako. Ningeshuka mpaka rimu za 18, niweke tairi za kawaida zenye ubavu mnene kidogo, na ile tairi nyembamba ya dharura iingie kwa buti na jeki yake. Kabla hujalipia tairi zozote soma ile namba ya tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019, na tairi ya miaka sita saba hata ikiwa na meno yote usipite nayo lori la miwa.

Kitu kidogo cha mwisho, redio ya Japan inaishia 95 kwa FM, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hivyo usishangae ukikosa redio unayoipenda, kwa BMW inaandikwa upya na kompyuta, na lugha inatolewa Kijapani hapo hapo. Na kabla ya yote, mtafute fundi wako wa BMW sasa, gari ikiwa bado iko melini. Kama aliye karibu nawe na kompyuta ya kueleweka yuko Eldoret ama Nakuru, hesabu hiyo safari kama sehemu ya sevisi.

SWALI: Fundi, nina Lexus IS F. Nikiwa Mombasa kwa likizo ilikuwa inakimbia kwa nguvu sana, nikirudi nayo huku Eldoret naona imelegea, na Timboroa ndio kabisa. Fundi wa hapa anataka kunibadilishia pampu ya mafuta. Msomaji, Eldoret.

JIBU: Kaka, mwambie aweke spana chini kwanza. Injini yako ni V8 ya lita 5 isiyo na turbo, inavuta hewa kwa mapafu yake tu, na huku juu hewa ni nyepesi. Hesabu ya haraka ni kwamba kila mita 1,000 unazopanda kutoka baharini injini ya namna hiyo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu. Eldoret iko karibu mita 2,100, kwa hivyo zile farasi mia nne na kitu ulizonunua, huku unabaki na kama 330, Timboroa ni zaidi ya 2,700, ni chini zaidi. Hakuna kilichoharibika. Mwenye turbo hasikii sana hiyo kwa sababu turbo inasukuma hewa kwa nguvu, ndio maana ukishindana na kijana wa Subaru pale Burnt Forest utashangaa, usishindane naye.

Badilisha filta ya hewa, safisha sensa ya hewa, plagi kama hazijabadilishwa muda mrefu. Lakini ukifungua boneti angalia katikati ya injini, kwa lile bonde kati ya pande mbili za silinda, kama kuna ukoko wa pinki umekauka. Maji ya redieta ya Toyota, ndio wenye Lexus, ni pinki, na hizo injini zinajulikana kuvuja hapo na kwa pampu ya maji. Hiyo ndio ningeipa pesa kabla ya pampu ya mafuta.

SWALI: Fundi nataka kuchukua Golf R ya mitumba, naambiwa DSG inasumbua. Ni kweli? Msomaji, Kericho.

JIBU: Inasumbua asiyebadilisha oili. DSG ni giaboksi ya otomatiki ya klachi mbili, na ile ya gia sita yenye klachi zinazokaa ndani ya oili inataka oili mpya na filta kila kilomita 60,000. Muuzaji akikuonyesha risiti ya hiyo sevisi endelea kuongea naye, asipokuwa nayo, hesabu pesa ya giaboksi kwa bei. Kwa kuitesti, panda mlima pole pole kwa gia ya kwanza na ya pili ukiwa kama uko kwa foleni, ikitetemeka ama ikigonga hapo, klachi ama mekatroniki, ule ubongo wa giaboksi, iko njiani kuharibika.

SWALI: Habari Fundi. Nimenunua BMW 335i ya 2009 kwa bei nzuri sana, sasa kampuni ya bima wananiambia hawanipi bima kubwa, nichukue thadi pati tu. Wanaweza? Msomaji, Bungoma.

JIBU: Wanaweza mkubwa, na wengi wanafanya hivyo gari likipita umri fulani, kila kampuni ina kikomo chake. Zunguka kwa mawakala kadhaa, uliza tena kwa kupeleka ripoti ya mkadiriaji anayetambulika na picha za gari ikiwa safi, wengine watakubali ukiweka traka, na wengine watakubali lakini wakuwekee sehemu kubwa ya hasara uibebe mwenyewe, hiyo isome vizuri kabla ya kusaini. Ukikosa kabisa, basi ujue ukigonga bampa ni mfuko wako, na bampa la hiyo gari unalijua. Kwa wengine wote mnaosoma hii: pigieni wakala wa bima simu siku ile ile mnapoenda kuona gari, si baada.

SWALI: Fundi, nimekubaliana na mtu bei ya Porsche Cayenne, anataka nimpe nusu leo ati logibuku iko kwa benki lakini ataitoa nikimlipa. Ako na haraka. Msomaji, Section 58 Nakuru.

JIBU: Logibuku ikiwa benki, hiyo gari bado si yake peke yake, jina la benki liko pale. Kwanza fanya msako wa gari kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, kupitia NTSA wanaosajili magari, unalipa ada ndogo unaona jina la mwenye gari, namba ya injini na ya chesisi, halafu ulinganishe na zile zilizochongwa kwa gari yenyewe, si zile za karatasi. Pili, usimpe yeye nusu. Nendeni pamoja benki, benki iandike barua ya deni lililobaki, pesa yako iingie moja kwa moja kwa akaunti ya mkopo, ibaki kiasi cha kumpa muuzaji, na hicho hakitoki mpaka benki iondoe jina la benki na muuzaji aanzishe uhamisho kwa akaunti yake ya eCitizen, wewe ukubali kwa yako. Makubaliano muandikishe kwa wakili.

Na Cayenne yenyewe, kama ni V8 ya miaka ya mwanzo, kabla hata ya hayo ya benki peleka kamera ndogo iingizwe kwa shimo la plagi, silinda zote nane, muangalie kuta zake kama zimekwaruzwa. Uliza pia kama zile paipu za plastiki za maji zilizo juu ya injini zilishabadilishwa na za aluminiamu, na upitie chini uangalie beringi ya katikati ya propela shafti. Akikataa kamera, haraka yake umeshaijua ni ya nini.